Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Programu za Kujitegemea kwa Watu Wazima katika Vituo vya Jamii vya Unguja na Pemba

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila darasa jipya linapofunguliwa, iwe ni Makunduchi, Kinyasini, Chake Chake au Micheweni. Ratiba na masharti hutofautiana kidogo kutoka shehia moja (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) hadi nyingine, kwa hiyo yaliyoelezwa hapa ni utaratibu wa kawaida. Kwa tarehe za kuandikishwa, uliza katika kituo kilicho karibu nawe au kwa sheha wako.

## Mambo ya msingi

1. Programu ya kujitegemea ni kitu gani hasa?

Ni mafunzo na huduma zinazotolewa katika kituo cha jamii ili mkaazi mtu mzima aweze kupata riziki yake, kuitunza na kuwa na kauli juu ya matumizi yake. Kwa kawaida programu huwa na kisomo na hesabu, ujuzi wa kazi, kikundi cha akiba, pamoja na msaada wa kufuatilia nyaraka na haki.

Neno la kutiliwa mkazo hapo ni kuitunza. Wengi wanaokuja kituoni ni wachapa kazi tangu zamani, na mama aliyesuka ukili tangu utotoni hana haja ya kuhimizwa bidii. Kinachomwangusha ni kwamba masika yakiingia, wageni hupungua, baadhi ya hoteli za pwani hufunga, mikoba haiuziki, naye hulazimika kuuza cherehani ili watoto wale. Mvua zikikatika anaanza upya, safari hii bila chombo. Kwa hiyo kipimo tunachokitumia si cheti wala idadi ya waliohitimu, bali ni kama mtu ameweza kuupita msimu mbaya bila kuuza chombo chake cha kazi na bila kukopa ili ale. Karibu kila jibu katika ukurasa huu linatokana na kipimo hicho.

2. Nani anaweza kujiunga, na anahitaji nyaraka gani?

Mkaazi yeyote wa shehia inayohudumiwa na kituo, mwanamke au mwanamme, aliyetimiza miaka 18. Nyaraka zinazoombwa mara nyingi ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha taifa, pamoja na barua ya utambulisho kutoka kwa sheha. Asiye na kitambulisho asikae nyumbani kwa sababu hiyo, kwani kufuatilia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ni sehemu ya huduma za kituo, na darasa la kisomo linaweza kuanza wakati nyaraka zinashughulikiwa. Waliohamia kutoka kwengine wasome swali la 19.

3. Je, kuna ada?

Kisomo kwa kawaida hakina ada. Katika mafunzo ya kazi za mikono, mshiriki anaweza kutakiwa kuchangia malighafi, kama kitambaa, mafuta ya sabuni au unga. Uliza mapema kiasi hicho na uandikiwe stakabadhi.

4. Nikimaliza mafunzo nitapewa mtaji?

Mara nyingi hapana, na ni bora hili lisemwe wazi siku ya kwanza. Ipo miradi inayotoa vifaa vya kuanzia, lakini mtu aliyehudhuria miezi mitatu akisubiri fedha huondoka na uchungu, na uchungu huo humzuia kuutumia hata ule ujuzi alioupata. Tunapendelea mshiriki aingie katika kikundi cha akiba wiki ileile anayoanza mafunzo, ili anapomaliza awe na fungu lake mwenyewe, dogo au kubwa, na watu wanaomfahamu wa kumkopesha. Namna kikundi hicho kinavyokwenda imeelezwa katika swali la 11.

## Kisomo na hesabu

5. Sikusoma skuli kabisa. Nitaweza?

Utaweza. Miongoni mwa wanaofanya vizuri zaidi ni wazee ambao hawakuwahi kukaa katika dawati, lakini walipita chuo cha Kurani wakiwa wadogo na wanausoma msahafu bila taabu. Mtu huyo tayari ni msomaji, maana anajua kwamba alama ina sauti, kwamba macho hufuata mstari, na kwamba kukosea na kurudia ni sehemu ya kujifunza. Kinachobaki ni kumbadilishia herufi na upande wa kuanzia. Mwalimu mzuri huanza na jambo hilo na humpa mzee heshima anayostahiki, badala ya kumwita asiyejua kusoma.

Kama unahitaji ushahidi wa jambo linalowezekana, upo Kinyasini, katika Mkoa wa Kaskazini Unguja, ambako Chuo cha Barefoot huwafundisha wanawake wa vijijini, baadhi yao wakiwa hawakupata elimu ya skuli, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanajifunza kwa kuona, kushika na kurudia, na wakirudi vijijini kwao huwa ndio mafundi.

6. Niliacha skuli njiani. Naweza kurudi kusomea mitihani?

Kazi hiyo inashughulikiwa na Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Kituo cha jamii kitakuelekeza na kukusaidia kuandikisha, lakini hakiendeshi mitihani.

7. Kwa nini tunafundishwa hesabu za gharama kabla ya kufundishwa kazi yenyewe?

Kwa sababu hasara nyingi hutokana na gharama ambazo hazikuhesabiwa. Tuchukue mfano wa mama anayepika vitumbua. Akiulizwa faida yake, atataja mchele, sukari, nazi na mafuta, atoe katika mauzo, na atasema amepata shilingi 6,000 kwa asubuhi moja. Mwalimu humwomba ahesabu tena, polepole. Hamira na hiliki ziko wapi? Makaa? Maji aliyonunua siku mfereji haukutoka? Vitumbua vinane walivyokula watoto kabla ya kwenda skuli, na vitano alivyokopesha jirani ambaye hajalipa? Ikifika mwisho wa ubao, zile 6,000 zinaweza kuwa 1,500, na hapo saa zake za kuamka alfajiri bado hazijatiwa thamani.

Somo hili halikusudii kumvunja moyo mtu. Mara nyingi hutoka na uamuzi wa papo hapo, kwa mfano kununua mchele kwa pamoja watu watano, kupandisha bei kidogo siku za Ramadhani ambapo vitumbua hutafutwa, au kuweka chano cha watoto mbali na chano cha biashara. Watoto wale, bila shaka, ila kile wanachokula kiandikwe katika matumizi ya nyumbani.

## Kuchagua kazi na kupanga ratiba

8. Nichague fani ipi?

Anza na kile unachokifanya tayari, halafu uliza ni hatua gani katika kazi hiyo humletea fedha mtu mwengine badala yako. Kwa mkulima wa mwani hatua hiyo inaweza kuwa kusaga na kutengeneza sabuni, kama walivyofanya akina mama wa Kidoti; kwa msukaji ni kupiga rangi na kutia zipu na bitana; kwa mvuvi ni barafu. Kubadilisha kazi moja kwa moja ni halali pia, lakini kunahitaji muda mrefu na mtaji mkubwa zaidi.

Tunawaomba pia washiriki watazame idadi. Ikiwa shehia moja ina wanawake thelathini waliofundishwa sabuni ileile na mradi uleule, soko litawashinda, hata sabuni ikiwa nzuri kiasi gani. Kituo kina wajibu wa kusema hivyo hata pale mfadhili anapopenda sabuni.

Kumbuka kwamba bidhaa ya kuuzwa dukani au hotelini ina masharti yake: chakula kiko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), na ubora wa bidhaa unasimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Kikundi kinaweza kuyakabili masharti hayo kwa wepesi zaidi kuliko mtu mmoja.

9. Ninalima mwani. Nitawezaje kuhudhuria darasa?

Darasa ndilo linalopaswa kukufuata wewe. Ukulima wa mwani ulianza hapa mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu hapo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa wanawake. Kila mtu wa pwani anajua kwamba kazi hiyo haifuati siku za wiki. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na akina mama wako baharini wakifunga mbegu, kukaza mambo (vijiti vya kufungia kamba) na kuvuna. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, hawana la kufanya huko. Kituo kinachopanga darasa kila Jumatatu na Jumatano saa tatu asubuhi kitaona viti vitupu nusu ya mwezi, kisha kitaandika katika ripoti kwamba wanawake hawana mwamko. Ratiba ya sawasawa kwa kijiji cha pwani ni ya maji mafu, na ibandikwe ukutani kwa tarehe za mwezi mwandamo.

Wakulima wengi huuliza kuhusu kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyengine inayoitwa spinosamu. Tatizo lake ni joto: maji ya kina kifupi yanapopata moto, kotonii huugua, huwa nyeupe na kukatika. Kuihamishia katika kina kirefu kunasaidia, lakini kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Ndiyo maana katika baadhi ya programu za mwani utakuta somo la kuogelea. Usilidharau somo hilo, na usikubali kupelekwa kina kirefu kabla ya kulimaliza.

10. Na wakati wa karafuu?

Kwa Pemba, msimu ukiwa mkubwa, kituo hufunga madarasa au huyapeleka usiku baada ya sala ya isha, kwa kuwa nyumba nzima iko katika kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika. Kinachobaki wazi ni kikundi cha akiba. Huo ndio wakati fedha inapoingia kwa wingi, na fedha ya karafuu isiyokuwa na mahali pa kukaa huisha kabla ya msimu mwengine kuonekana.

## Akiba na mikopo

11. Kikundi cha akiba cha hisa kinaendeshwaje, na kina tofauti gani na upatu?

Katika upatu, kila mmoja hutoa kiasi kilekile na fungu lote huchukuliwa na mtu mmoja kwa zamu. Ni utaratibu mzuri, lakini hauwezi kumsaidia mtu aliyepata msiba leo na zamu yake ni mwezi wa tisa. Katika kikundi cha hisa fedha hukaa, hukopeshwa kwa wanachama, na hugawanywa mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja. Mfumo huu uliasisiwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na hapa umeenea katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba.

Wanachama huwa baina ya 15 na 30. Wanakubaliana bei ya hisa, tuseme shilingi 2,000, na kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano kulingana na uwezo wake. Anayenunua mbili kila wiki kwa wiki 48 atakuwa ameweka 192,000, mbali na sehemu yake ya mapato ya kikundi. Pembeni kuna mfuko wa jamii, unaochangiwa kiasi kidogo na kila mtu kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Mkutano unapofungwa, fedha zilizobaki huhesabiwa mbele ya wote na kiasi chake hutangazwa ili kila mtu akihifadhi kichwani. Mkutano unaofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, mwenyekiti huuliza: wiki iliyopita tuliacha kiasi gani? Wote hujibu kwa pamoja, sanduku hufunguliwa, fedha huhesabiwa. Utaratibu huu unamlinda mwanachama asiyejua kusoma, kwa kuwa hahitaji kuliamini daftari la mtu mwengine. Tumeona vikundi vinavyouacha baada ya mwaka wa kwanza kwa kuwa sasa wanaaminiana. Tunawasihi wasiuache.

12. Je, mikopo ya kikundi si riba?

Swali hili ni la haki, na lisijibiwe kwa kupuuzwa. Kikundi kinachomtoza mkopaji asilimia ya mkopo wake kimeingia katika jambo ambalo Waislamu wengi hawaliridhii, na si sawa mtu kulazimishwa achague baina ya dini yake na akiba yake. Zipo njia nyengine ambazo vikundi hapa huzitumia. Baadhi hukopesha kwa karadha njema, yaani mtu hurejesha kilekile alichochukua, na gharama za daftari na sanduku huchangiwa sawasawa na wanachama wote, waliokopa na wasiokopa. Wengine hufuata murabaha: kikundi hununua bidhaa anayoitaka mwanachama, kwa mfano mashine au mabati, kisha humuuzia kwa bei iliyokubaliwa na ya wazi, naye hulipa kwa awamu.

Utaratibu wenu uandikeni katika katiba kabla ya kuanza, na muulizeni mwanachuoni mnayemuamini. Mwezeshaji wa kituo si mufti.

13. Nikitaka mkopo mkubwa zaidi niende wapi?

Hatua ya kawaida ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA), au benki. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma zinazofuata misingi ya Kiislamu. Kote huko utaulizwa kumbukumbu za biashara, na daftari la hesabu za gharama, kama zile za swali la 7, lina thamani zaidi kuliko barua yoyote. Kuwa mwangalifu sana na mikopo ya haraka ya kwenye simu, hasa inayokuomba ruhusa ya kuona orodha ya watu uliowahifadhi.

14. Mwanachama akishindwa kulipa, tumfanyeje?

Kwanza ulizeni sababu. Aliyeuguliwa na mtoto aongezewe muda, na mfuko wa jamii umsaidie. Asiyetaka tu kulipa, hisa zake zishike deni, kama katiba inavyosema. Kumchukulia mtu godoro au sufuria mbele ya watoto wake kumewahi kuvunja vikundi vilivyokuwa imara, na hakuna kiasi cha deni kinachostahiki jambo hilo.

## Nyumbani

15. Mume wangu hataki nijiunge. Kituo kinaweza kusaidia?

Kinaweza, ukitaka wewe. Mara nyingi upinzani unatokana na kutojua nani anafundisha, saa ngapi na pamoja na nani, na ziara ya mwezeshaji wa makamo akiwa na mtu anayeheshimika mtaani hutosha. Vituo vingine hualika familia zije kuona darasa.

Lipo pia tatizo la upande wa pili, ambalo halisemwi sana: mke akianza kupata, mume huacha kutoa matumizi. Kwa sheria ya dini, mali ya mke ni yake na wajibu wa kumhudumia haumwondokei mume kwa sababu mke anauza sabuni. Weka stakabadhi za vitu ulivyonunua kwa fedha yako, viandikishwe kwa jina lako, na ukihitaji ushauri mwone msaidizi wa sheria wa eneo lako au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu mwaka 1992.

16. Niko katika eda. Je, nimepoteza nafasi yangu?

Hapana. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na nafasi yake huhifadhiwa. Hisa zake zinaweza kuletwa na mtu aliyemteua, na akipenda mwalimu mwanamke humfuata nyumbani. Kwa aliyeachwa, tunashauri afike mapema kwa msaidizi wa sheria kuhusu matumizi ya watoto, ambayo hudaiwa katika Mahkama ya Kadhi, kwani biashara changa haiwezi kubeba mzigo ambao ni haki ya watoto kutoka kwa baba yao.

## Hali za pekee

17. Nikijiunga nitaondolewa katika TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) au pensheni jamii?

Pensheni jamii, iliyoanza mwaka 2016, ni ya kila mkaazi mwenye sifa aliyefikia miaka 70, bila kujali kipato. Mzee anaweza kuwa mwanachama wa kikundi na akaendelea kuipokea. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ni tofauti, kwa sababu hutazama hali ya kaya. Hata hivyo kinachoangaliwa ni maisha ya kaya, si jina lako katika rejista ya darasa, na mpango huo wenyewe huhimiza vikundi vya akiba. Anayekaa nyumbani kwa hofu ya kuondolewa hupoteza mafunzo, na ruzuku nayo siku moja itafika mwisho.

18. Ninaishi na ulemavu, au ninatoka katika nyumba ya upataji nafuu. Nitapokelewa?

Ndiyo, katika hali zote mbili, ingawa mahitaji yanatofautiana. Kwa mwenye ulemavu, eleza unachohitaji siku ya kuandikishwa: njia ya kiti cha magurudumu, mkalimani wa lugha ya alama, au mtu wa kukuandikia. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ) husaidia kituo kinapokosa utaalamu.

Kwa anayepata nafuu kutokana na dawa za kulevya, tunashauri aanze na kazi yenye malipo ya kidogo kidogo badala ya fungu kubwa la mara moja, na akiba yake iwe katika kikundi ambacho angalau mtu mmoja anaijua safari yake. Habari zake ni siri. Wanachama wengine hawaambiwi bila ya idhini yake.

19. Nimetoka Bara, sina kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Nifanye nini?

Jitambulishe kwa sheha wa unapoishi ukiwa na kitambulisho cha taifa. Kisomo, hesabu na vikundi vya akiba kwa kawaida viko wazi kwako. Mikopo na vifaa vya baadhi ya programu za Serikali vinaweza kuwa na sharti la ukaazi, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu.

20. Mradi wa mfadhili ukimalizika, kikundi chetu kitakuwaje?

Kikiwa kimejengwa vizuri, hakitasikia tofauti kubwa, kwa kuwa fedha ni zenu, sanduku ni lenu na katiba mmeiandika wenyewe. Jiandaeni mapema: mwaka wa pili mwezeshaji aje mara moja kwa mwezi tu na akae nyuma asiseme, na kazi ya kuandika daftari izunguke baina ya watu watatu badala ya kubaki kwa mmoja ambaye anaweza kuolewa Mkokotoni au kuhamia Tanga. Mkiona shughuli zimekua, sajilini ushirika katika Idara ya Ushirika, ambako mtapata ukaguzi wa hesabu. Vifaa vilivyoletwa na mradi, kama mashine za kusagia mwani, viandikiwe hati ya makabidhiano yenye jina la kikundi kabla ya mradi kufungwa. Nakala moja ibaki kwa sheha na nyengine ndani ya sanduku.